Maji ya Getini

Ukinikuta Dar es Salaam nikacheka, hata muuza ndizi atajua nimetoka wapi kabla sijamwambia. Meno yangu ni ya kahawia, yale ya mbele yana mistari na vishimo, na yamekuwa hivyo tangu yalipoota ya ukubwani. Kwetu, kwenye vijiji vya juu ya Karatu kuelekea Rhotia, hatukuona ubaya wowote tulipokuwa watoto. Darasa zima lilikuwa hivyo hivyo, na mwalimu, na katekista. Tuliposikia kuna watu wenye meno meupe tulidhani wanayapaka kitu. Wasichana walipoanza kujipenda waliyasugua kwa mkaa na chumvi, wengine kwa mchanga, na binamu yangu mmoja aliyakwangua kwa kipande cha chupa mpaka fizi zikatoa damu. Aliishia kuwa na meno ya kahawia yenye maumivu.

Kwamba meno yale ni ugonjwa, na kwamba ugonjwa huo una anwani, nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, nilipoomba kazi kwenye loji. Ilikuwa loji ya kifahari kwenye mteremko, ambako wageni hulala usiku mmoja au miwili kabla ya kushuka kreta ya Ngorongoro kuangalia faru. Meneja aliniangalia, akaniambia nitabasamu. Nikatabasamu. Akasema, bila hata kunikunjia uso, kwamba nitafaa vyumbani. Baadaye nikaelewa maana yake. Mapokezi na ukumbi wa chakula walikuwa watu wa Iringa, Tanga na Dar. Sisi wazaliwa wa hapa tulitandika vitanda, tukafua mashuka na kupalilia maua, yaani kazi zote zinazofanyika mdomo ukiwa umefungwa.

Hata askari wa getini, Mmasai wa upande wa Endulen, alikuwa na sharti lake. Alivalishwa shuka nyekundu, akapewa rungu, akasimamishwa pale wageni wapige naye picha, lakini aliambiwa asicheke. Meno yake yalikuwa meusi kuliko yangu, na kiuno chake kilishaanza kukaza ingawa alikuwa kijana. Aliniita yeyo, yaani mama, na siku moja aliniambia, "Yeyo, hapa wameniajiri bila kichwa." Tulicheka sana, sisi wawili, nyuma ya kibanda chake ambako hakuna mgeni wa kutuona. Nikikumbuka kicheko kile leo nasikia kinyaa.

Chini kidogo ya geti hilo ndipo alipoolewa mdogo wangu. Ana kishamba cha mahindi na maharage, na mume wake yuko Mang'ola kwenye vitunguu miezi mingi ya mwaka. Zamani wanawake wa hapo walichota maji korongoni, mwendo mrefu wa kushuka na mrefu zaidi wa kupanda, wakigombania dimbwi na punda. Kisha loji ikawavutia bomba mpaka nje ya geti. Likajengewa nguzo ya mawe, mchungaji akaliombea, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwepo siku ile na nilipiga vigelegele kuwashinda wote. Nani asingepiga? Maji yalikuwa meupe, baridi, hayana harufu, na hayakuwa na kinyesi cha punda ndani yake.

Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu, msichana, alitambaa vizuri, akasimama vizuri, akatembea mapema. Alipokaribia miaka mitatu miguu yake ikaanza kupinda kwa nje. Mwanzoni tuliiona ya kuchekesha. Tukamwita mpanda farasi. Mama yetu akasema ni kwa sababu alisimamishwa kabla ya wakati, akawa anaichua kwa samli kila jioni na kuifunga pamoja kwa kanga alipolala. Asubuhi kanga ilifunguliwa, miguu ikarudi ilivyokuwa, na kila mwezi ilikuwa imepinda zaidi kidogo. Ikafika mahali mtoto akitumwa kwa jirani alirudi amekaa njiani, analalamika magoti.

Mdogo wangu akampeleka kliniki, na mimi nikaomba ruhusa nikaenda naye. Muuguzi alimsimamisha mtoto juu ya benchi mbele ya akina mama wote, akauliza, "Maharage unapika na magadi?" Mdogo wangu akasema ndiyo. Nani huku hapiki na magadi? Basi akasemwa. Akaambiwa kwamba wao ndio wanaowalemaza watoto wao, kwamba elimu imetolewa na kutolewa, kwamba watu wa huku vichwa vigumu. Wanawake wengine waliangalia chini, na najua kila mmoja wao alikuwa na kipande cha magadi nyumbani, kwenye kopo karibu na chumvi.

Nataka nieleze hilo kopo, kwa sababu nimechoka kusikia watu wanaopika kwa gesi wakilizungumzia. Kule juu ni baridi, na maharage makavu hayaivi upesi. Bila magadi unayawekea kuni asubuhi na mchana bado yanakukodolea macho. Ukitia kipande kidogo cha magadi, yanalainika na kuni zinabaki za kesho. Na kuni zetu ziko wapi? Ziko msituni, ndani ya mpaka wa Ngorongoro. Mwanamke anaruhusiwa kuokota zilizoanguka tu, kwa siku zilizopangwa, na akikutwa siku nyingine anapoteza panga na heshima yake. Kwa hiyo magadi si ujinga. Magadi ni kuni za mtu asiye na kuni.

Mimi niliyekaa kwenye lile benchi nikisikiliza mahubiri, kazi yangu ya jioni ilikuwa kuwasha moto kwenye vyumba vya wageni. Kila chumba kilikuwa na meko ya ukutani. Niliweka magogo makavu, yaliyopasuliwa na kupangwa vizuri, nikayawasha wakati wageni wanakula ili warudi wakute pamepata joto. Chini ya blanketi niliwawekea mfuko wa mpira wenye maji ya moto, wakumbatie. Mara nyingi walilala moto ukiwa unawaka wenyewe. Asubuhi nilizoa majivu yaliyotosha kuivisha maharage ya kijiji kizima, na nilikuwa nikiyazoa huku nimekunja pua, si kwa sababu ya vumbi.

Daktari wa pale kliniki alikuwa mpole kuliko muuguzi. Alimshika mtoto miguu, akatueleza kwamba maji ya visima vingi vya huku yana madini ya floraidi kupita kiasi, na kwamba magadi yanayaongeza. Ndiyo yanayochafua meno, na kwa mtoto anayekua yanaingia kwenye mifupa. Akasema huyu bado mdogo, mifupa yake ni laini, akiacha sasa miguu itarudi kiasi kikubwa. Tukichelewa ikakomaa hivyo, wa kuinyoosha itabidi kwanza aivunje. Kisha akauliza tunakunywa maji gani.

Mdogo wangu akanyoosha mgongo. Alikuwa ametukanwa asubuhi nzima, na hapo angalau alikuwa na jibu zuri. Akasema wao hawanywi ya korongoni wala ya kisima, wanakunywa ya loji. Yamechujwa na mtambo wa Wazungu.

Daktari akasema basi, kama ni ya loji, shida itakuwa magadi.

Tukaondoka na jibu hilo. Mdogo wangu akalitupa lile kopo. Msimu mzima alipika bila magadi, akienda kuokota kuni mbali, na maharage yakiliwa nusu mabichi mpaka nyumba nzima ikawa inashika matumbo. Maji hakuyabadilisha. Zaidi ya hapo, alizidisha. Alimnywesha mtoto kikombe kimoja asubuhi na kingine mchana, ayasafishe magadi yaliyomo mwilini, na kwa usalama aliyachemsha kwanza, kwa kuni zile zile za kuhangaikia. Miguu ikaendelea kupinda.

Fundi wa mtambo wa maji alikuwa anatoka Tanga, anakuja mara moja moja, na anakula na sisi kantini ya wafanyakazi. Mcheshi. Siku hiyo alinitania kuhusu meno yangu, akaniambia laiti ningezaliwa chumba namba moja ningekuwa mrembo. Nikamuuliza chumba namba moja kina nini. Akasema maji. Akaanza kueleza, huku anatafuna, jinsi mtambo unavyofanya kazi. Maji ya kisima yanasukumwa kwa nguvu kwenye chujio, sehemu inapenya ikiwa safi kabisa, inakwenda vyumbani na jikoni. Sehemu nyingine haipenyi. Hiyo inabaki na madini yake yote, na ya wenzake waliopenya pia.

Nikamuuliza hayo yasiyopenya mnayapeleka wapi.

"Si ndiyo yale ya getini," akasema. "Yangemwagwa bure. Angalau watu wanafaidika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia makombo wamepewa kuku. Nikamuuliza kama kuyachemsha kunasaidia, akasema hapana, ukiyachemsha maji yanapungua, madini yanabaki pale pale. Kisha akaomba pilipili. Mimi nilisukuma sahani yangu, nikatoka nje nikasimama kwenye kamba za kuanikia mashuka. Tulikuwa tumeyaombea. Mchungaji alisimama pale na Biblia akayashukuru masuuzo ya watu.

Jioni ile nilimwambia mdogo wangu. Hakuniamini. Aliniuliza kama nimegombana na meneja. Akasema maji ni meupe, hata mimi nayaona, na kwamba watu waliotumia gharama yote ile ya mabomba hawawezi kuwa na roho mbaya kiasi hicho. Nilimwambia si roho mbaya, ni kutokutufikiria tu, nalo hakulielewa. Mwisho akakasirika, akaniambia, "Dada, wewe unarudi kwako Karatu mjini unanunua maji ya dumu. Mimi ukiniondolea hili bomba, unanirudisha na punda."

Nikaenda kwa meneja. Sikumwambia kuhusu fundi, nisije nikamponza. Nilimwambia tu nina mtoto wa mdogo wangu mgonjwa, niruhusiwe kubeba galoni moja la maji ya jikoni kila siku nikitoka zamu. Meneja alikuwa mtu wa watu, anajua majina ya watoto wetu. Aliniambia anasikitika, lakini akinipa mimi kesho watakuja wote, na maji yale yanahesabika kuwa ya wageni. Halafu akashangaa kidogo. "Kwani nyie si tuliwapa bomba?"

Kuna wakati mtu anakuuliza swali na huwezi kulijibu bila kumtukana, na ukimtukana huna kazi. Nikasema ahsante. Nimejisikia vibaya mara nyingi maishani, lakini ile ahsante bado iko kooni.

Wageni walipenda sana kupelekwa getini. Ilikuwa sehemu ya ziara: shamba la kahawa, bustani ya mboga, halafu bomba la jamii. Asubuhi moja nilikuwa natoka zamu nikakuta kundi limesimama hapo na mwongozaji wao, wanapiga picha wanawake waliopanga ndoo. Mdogo wangu alikuwa kwenye foleni na mtoto wake. Mama mmoja wa Kizungu, mzee mwenye uso mwema, alimwona yule mtoto, akachuchumaa mbele yake, akaigusa miguu ile na macho yakamjaa machozi. Nadhani alikuwa mtu mzuri kweli. Akataka kuonyesha kwamba sisi sote ni wamoja. Akakinga viganja chini ya bomba, akayapeleka maji mdomoni.

Mwongozaji alimrukia. Alimpiga mikono, maji yakamwagika kwenye viatu vyao, na akawa anamwomba radhi kwa Kiingereza huku anafungua chupa ya maji kutoka kwenye begi na kumpa anawe. Yote yalipita upesi. Wanawake wengine waliangua kicheko, kwa kuwa si kila siku unaona Mzungu akichapwa mikono kama mtoto mdokozi. Askari, ambaye sharti lake lilikuwa asicheke, aliangalia pembeni. Yule mama akanawa, akacheka na yeye, wakaenda zao kwenye magari kuwahi kreta.

Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa anamwangalia yule mwongozaji mkono, ule uliokwenda mbio kumwokoa mtu. Mtoto wake alikuwa amekunywa kwenye bomba lile lile muda mfupi kabla, mwongozaji akiwa amesimama hapo hapo, na mkono haukutikisika. Mimi nilizungumza jioni nzima sikuaminiwa. Mkono ule ulimwambia yote mara moja.

Zamu yake ikafika. Akainamisha kichwa, akajaza ndoo, akajitwisha, kwa sababu nyumbani kulikuwa na maharage ya kupika na hakukuwa na maji mengine.

Tulipofika kwake alikaa chini akaniuliza nani ana maji mazuri. Hatukuwa na kipimo cha kitaalamu, lakini kipimo tulikuwa nacho. Tulianza kuhesabu ukoo kwa meno. Watoto wa kaka yetu, kahawia. Wa mama mdogo kule chini, kahawia yenye vishimo. Wa mjini, mchanganyiko. Tukapita nyumba baada ya nyumba, harusi baada ya harusi, tukikumbuka nani alicheka vipi kwenye picha, mpaka tukafika kwa shangazi yetu wa upande wa Mbulu. Mume wake ni mwalimu mstaafu, wana nyumba ya bati refu na simtanki mbili za maji ya mvua. Wajukuu wake wote meno meupe. Mdogo wangu naye ana bati, lakini chumba ni kimoja. Mvua inajaza sufuria na ndoo alizo nazo, na wiki haijaisha zimekauka.

Kwa hiyo mtoto akahamishwa. Wengine wanapeleka watoto kwa ndugu wapate shule. Sisi tulimpeleka wetu apate maji. Shangazi alikubali, ila alisema wazi kwamba umri umekwenda na anaweza mmoja tu. Siku ya kuondoka mtoto alifurahia gari. Mama yake alimfungia kanga ile ya kufungia miguu, akabadili mawazo, akaifungua akabaki nayo mwenyewe. Hakulia mbele yake. Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu kumlilia mtoto ambaye hajafa, anayekwenda kunywa maji tu.

Mimi bado natandika vitanda pale. Asiyependa aje anilishe. Nilimweleza mchungaji, akasema ataliombea. Nilirudi kliniki kumwambia daktari yule habari ya maji ya getini, nikakuta amehamishwa, na yule aliyempokea akaniuliza kwanza kama huko kwetu bado tunatumia magadi. Nilipowaambia wanawake wa kwenye foleni, wengine waliniamini, na walioniamini waliendelea kuchota kama wale ambao hawakuniamini. Korongo liko pale pale, na punda wake.

Krismasi iliyopita mtoto aliletwa kusalimia. Amekuwa mrefu. Miguu haijanyooka yote, lakini anakimbia, na magoti hayamuumi. Meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota ya ukubwani, na nilipomwambia acheke niyaone, nilikuta meupe kuliko yangu, na vidoadoa vichache tu. Nilifurahi, na papo hapo nikajisikia kinyaa na furaha yangu, kwamba nimesimama namkagua mtoto mdomo vile vile nilivyokaguliwa mimi.

Alikuja na chupa yake ya maji kutoka kwa bibi, yaani shangazi yetu. Mama yake alimpa uji, mtoto akaunusa, akauliza umepikwa na maji gani. Hakuuliza kwa jeuri. Amefundishwa. Mdogo wangu akauchukua ule uji akaunywa mwenyewe, akampa mkate.

Mgongoni alikuwa na mtoto wa pili, wa kiume, aliyezaliwa dada yake akiwa ameshaondoka. Msichana alimchezea vidole muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, na huyu anakuja lini kwa bibi?"

Mdogo wangu alifungua mbeleko, akamshusha yule mdogo sakafuni. Mtoto alishika kigoda, akajivuta, akasimama peke yake kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyempigia makofi. Sote watatu tuliinama tukaangalia miguu yake.